Swali la Saba

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja,
na kazi yangu kila jioni ilikuwa kumuuliza bibi maswali
kwenye meza ya jikoni, Ybor, Tampa,
yeye kavua viatu, vidole vya mikono
bado vya kahawia, bado vinanuka jani.

Bendera ina nyota ngapi?
Hamsini. Juzijuzi wameongeza mbili.
Jibu hamsini tu, bibi, usiwasimulie.

Swali la saba: Nani hutunga sheria za nchi hii?
"Bunge," alisema Nunzia Traina,
akitamka polepole, kama mtu apimaye maji kwa kidole.
Oktoba alifaulu. Hakimu akampa mkono.
Koti la kiapo lilikuwa la kuazima.

Februari Rais akapiga marufuku.
Hakukuwa na mjadala.
Hakuna aliyenyosha mkono kusema ndiyo, wala hapana,
wala aliyetoka kidogo kuvuta sigara akakosa kura.
Mtu mmoja, meza moja, sahihi moja,
na bahari ya kusini yetu, ya usiku mmoja kwa meli,
ikawa pana kuliko ile aliyoivuka bibi kutoka Sisilia.

Kule ng'ambo ndiko jani lilikotoka,
marobota yaliyofungwa kwa magome ya mtende,
ukiyafungua ghala zima linapiga chafya.
Mzee Lueje, mwenye kiwanda, akahesabu yaliyobaki,
akahesabu tena, kana kwamba robota huzaa.
Novemba wakaleta jani la kutoka kwingine.
Hermenegildo Oquendo, mchaguzi,
aliyeweza kukwambia jani limeota upande gani wa kilima,
alilinusa, akalilaza taratibu kama mtoto wa jirani,
akachukua kofia yake.

Sisemi kisiwa kile kilikuwa hakina makosa.
Hermenegildo mwenyewe alikuwa na kaka gerezani kule.
"Wabanwe," alisema sebuleni kwetu, "wabanwe hadi wakohoe."
Kisha akauliza kama posta bado inapokea vifurushi,
maana mama yake anahitaji dawa ya moyo.
Hakuna aliyemjibu.
Bibi akamwongezea kahawa.

Yeye ndiye aliyeniamuru kuandika barua
kwa mbunge wetu. Swali lilikuwa moja.
Jibu lilikuja baada ya wiki tano,
karatasi nzito, tai wa dhahabu juu:
Bibi mpendwa, hata mimi nilisoma gazetini.
Ila mamlaka hayo tulimpa sisi, mwaka jana,
katika sheria ndefu ya misaada ya nchi za nje.
Ni sentensi moja, iko katikati.
Nakiri tulipiga kura usiku sana.

Nilimsomea mara tatu.
Alikuwa ameshika kisu chake cha kazi,
kile kipana, cha mviringo, kisicho na mpini,
alichokirudisha nyumbani kwenye mfuko wa shanga
siku majina arobaini yalipobandikwa mlangoni.
Miaka thelathini hakumwazima mtu.
"Ukimpa mtu kisu," alisema,
"unamuuliza: cha kukatia nini?
Unamuuliza: utakirudisha lini?
Hao watu wazima, mamia, wenye tai shingoni,
hakuna hata mmoja aliyeuliza?"

Nikatazama barua, nyuma na mbele.
Hapakuwa na kingine.

Akaenda kufua mashuka ya hoteli.
Mikono yake ikawa myeupe, na hilo
sikulizoea mpaka tulipomzika.

Kile kijitabu cha maswali kilipita nyumba kwa nyumba.
Mwaka wa pili kilimfikia Carmelina wa nyumba ya nyuma,
naye akanijia uani, kidole kwenye swali la saba.
Pembeni mwa jibu, kwa penseli, kwa mwandiko wa bibi
ulioegemea kulia kama anayepanda ngazi,
paliandikwa: *wakati mwingine*.

"Hili nalo nilikariri?"
Hapana, nikamwambia. Wewe sema Bunge.
Sema Bunge, utafaulu.